Sahani za Nusu Bei na Sauti ya Emmah

Jumamosi, 5 Aprili

Kosa la watu wengi wanaponunua sahani za santuri kwa bei ya chini ni kununua jalada. Wanasoma jina la mtunzi, wanatazama picha ya kanisa lililofunikwa na theluji, wanalipa, wanakwenda zao. Sahani yenyewe hawaitoi. Leo nimemwona bwana mmoja dukani kwa Bi Mwanakuu akifanya hivyo hivyo. Ameondoka na jalada safi kabisa, na ndani yake sahani iliyopinda kama chapati.

Itoe sahani. Ishike kingo, usiguse uso wake. Sogea nayo mlangoni penye mwanga, uiinamishe. Mikwaruzo myembamba isikutishe. Wa kuogopa ni ule ambao ukipitisha ukucha unakwama. Kisha inuse, kwa maana masika ya Mombasa hayana huruma na karatasi, na ukungu ukishaingia kwenye jalada huhamia kwenye mifereji ya sahani.

Bi Mwanakuu anafunga duka. Marehemu mumewe aliuza santuri na kutengeneza redio kwenye kichochoro kimoja cha Old Town, nyuma ya barabara ya Ndia Kuu, tangu sote tulipokuwa na nywele nyeusi. Sasa mwenye nyumba anataka chumba chake masika yakiisha. Sahani za taarabu zilikwisha siku ya kwanza. Zilizobaki ni makasha ya muziki wa kale wa Ulaya, yaliyoachwa na watu waliohama majumba ya Kizingo, na zote ameziandika nusu bei.

"Mwalimu Ogutu, nitafutia watu wa kuzitukua hizi," ameniambia. "Mimi sizijui. Marehemu akiziweka, mimi hwenda zangu jikoni."

"Kwa nini, bibi?"

"Zalia mno. Mtu alia nusu saa nzima, hasemi amefiwa na nani."

Nimemwahidi. Kila Jumapili jioni nitaandika pendekezo moja kwenye WhatsApp ya wasikilizaji wenzangu.

Jumapili, 6 Aprili

Nimependekeza kwateti za Haydn: fidla mbili, viola na selo, watu wanne wanaozungumza bila kugombana. Jalada limechanika, sahani ni safi. Nimepata vidole gumba kumi na moja na "Asante Mwalimu" nyingi. Mtu mmoja ameuliza kama kuna maneno.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua ya kwanza ya maana. Maji yameingia mpaka ngazi ya pili ya jengo letu hapa Tudor, na tuktuk zimekataa kushuka mteremko. Hata hivyo kikao chetu cha kusikiliza sahani kimefanyika sebuleni kwangu, kama kila Jumamosi. Tulio wengi ni watu wa bara tulioletwa huku na reli, bandari au ofisi, na muziki huu tuliujua kwa njia ya kwaya za kanisa. Mimi nilifundisha historia na kuongoza kwaya mpaka nikastaafu. Tuna sheria moja: sahani inawekwa na aliyeipendekeza, na hakuna kuikosoa mpaka mwenyewe amalize kuieleza. Wenzangu hutania kwamba ndiyo maana zangu hazijawahi kukosolewa.

Leo kulikuwa na habari kubwa. Emmah, niliyemfundisha kwaya, binti wa muuguzi Truphosa, ameitwa kwenye majaribio ya chuo cha muziki cha Nairobi. Walimu wa chuo watakuja Mombasa Jumamosi ya mwisho ya Juni, kwenye ukumbi mmoja wa Kizingo. Nafasi ya mwimbaji kutoka Pwani ni moja, na inalipiwa kila kitu. Asipoipata, atabaki kuandikia malori vibali vya kuingia kwenye yadi ya makontena kule Shimanzi, maana mshahara wa mama yake una wenyewe wengi. Ana miaka ishirini na mmoja. Katika maisha yangu ya kwaya sijapata soprano mwingine kama yeye.

Chuo kimetuma orodha ya nyimbo za kuchagua. Wimbo mmoja, solo ya soprano kutoka misa ya Kiaustria, sahani yake nilikuwa nimeinunua kwa Bi Mwanakuu siku tatu tu zilizopita. Nikaiweka. Mwimbaji anaruka juu kama cheche, okestra inamfukuza kwa furaha. Ndipo Mung'aro akavunja sheria.

"Mwalimu, huyu mama ana haraka ya kwenda wapi?"

Watu wakacheka. Mung'aro ni mhasibu wa ghala moja Shimanzi, mtu wa Kaloleni, na ndiye mpiga kibodi wa kanisa letu. Nikamwambia atapewa nafasi ya kusema nikimaliza kueleza.

"Basi nitasema Disemba," akajibu, na akaondoka kabla ya chai.

Najua kinachomsumbua. Sahani ile aliishika yeye kwanza dukani, akaiacha, nikaichukua mimi.

Jumapili, 13 Aprili

Nimemchagulia Emmah ile solo, nikairekodi kwa simu kutoka kwenye mashine yangu ya santuri na kumtumia. Karatasi ya noti hatuna, kwa hiyo nimeketi mchana kutwa nikisikiliza na kumwandikia do-re-mi mstari kwa mstari. Nimemwambia aimbe pamoja na sahani asubuhi na jioni, na asihangaike na rekodi za kwenye mtandao. Nilizisikiliza mbili. Waimbaji wote wawili wanaburura kama watu waliotoka kula pilau.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Mvua. Stima imepotea tangu asubuhi.

Jumamosi, 26 Aprili

Emmah amepita akitoka kazini, mwavuli umegeuka ndani nje.

"Shikamoo Mwalimu. Nyimbo nimeishika yote. Ila pale juu pananibana."

Nikamweleza habari ya pumzi: jinsi mbavu zinavyofunguka, jinsi bega linavyodanganya, na jinsi waimbaji wa zamani walivyofundishwa kuimba mbele ya mshumaa bila kuuyumbisha mwali. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mvua ikapungua. Akanishukuru, akaenda. Nimefurahi. Vijana wengi wa leo hawana subira ya kufundishwa.

Jumapili, 27 Aprili

Pendekezo: gitaa la Kihispania, sahani mbili ndani ya jalada moja. Chukua kabla ukungu haujaichukua.

Jumamosi, 3 Mei

Wamekuja watatu tu. Barabara ya Tudor ilikuwa mto. Mung'aro hakuja.

Jumamosi, 10 Mei

Mazoezi ya kwanza na kibodi, kanisani.

Nieleze jinsi tunavyofanya, maana ni ufundi wetu wenyewe. Katika makanisa yetu mwimbaji huanza tu. Hatafuti sauti, hasubiri kupewa. Anaanzia pale Roho anapomweka, na mpiga kibodi anamtafuta gizani. Kibodi za siku hizi zina kitufe cha kupandisha au kushusha muziki wote bila mpigaji kubadilisha vidole vyake. Mpigaji mzuri humpata mwimbaji kabla ya neno la tatu. Na sisi tuliolelewa kwa do-re-mi tunaupenda uhuru huo. Do yetu haina anwani. Popote unapoianzisha, hapo ndipo nyumbani.

Emmah akaanza. Mung'aro akabonyeza mara moja, akampata, akamfuata vizuri. Lakini alinitazama juu ya miwani yake kama mtu anayesubiri kuambiwa jambo. Walipomaliza nikamuuliza kama kuna tatizo.

"Hakuna. Wewe ndiwe mwalimu."

Bado ana kinyongo cha sahani. Mtu mzima!

Jumatano, 14 Mei

Truphosa amepiga simu. Emmah ameamka sauti imekwaruza.

"Ni hiyo ofisi yao," akasema. "Eesii inawapulizia kichwani siku nzima kama samaki wa kuhifadhiwa. Na maji ya barafu, Mwalimu, nimesema mpaka nimechoka."

Nikakubaliana naye, nikaongeza unyevu wa masika na tangawizi. Tukaachana tukiwa tumeridhika.

Jumapili, 18 Mei

Emmah ameandika kuuliza kama anaweza kupumzika wiki moja. Nimemjibu apumzike siku mbili. Wiki zilizobaki ni chache, na koo ni msuli kama misuli mingine. Amejibu, "Sawa Mwalimu."

Pendekezo la leo: kinanda cha kanisa, Bach. Nimeisifu sahani hiyo kwa uchangamfu wake.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua usiku na mchana. Bi Mwanakuu ameniambia kwa simu kwamba maji yameingia kwenye kasha la chini. Nimemwambia azisimamishe sahani wima.

Jumamosi, 24 Mei

Siku mbaya.

Emmah alikuja kanisani amejifunga skafu. Akaanza vizuri. Alipofika pale juu sauti ikapasuka. Haikuteleza, ilipasuka, kama kitambaa kinavyochanika. Akajaribu tena, hapakutoka kitu. Akasimama mdomo wazi akitutazama.

"Mshushe, Mwalimu," Mung'aro akasema.

"Hatumshushi. Kizingo hakuna vitufe. Kuna piano na mwalimu wa chuo mwenye karatasi, naye atapiga kilichoandikwa."

"Kilichoandikwa ni kipi? Wewe umekiona?"

"Sahani nimeisikia."

"Sahani umeisikia," akarudia taratibu. "Haya."

"Bwana Mung'aro, kama ni ile sahani uliitaka, ungesema siku ile ile dukani, nikakuachia. Si kumwangusha mtoto."

Nilisema hivyo mbele ya Emmah. Mung'aro akazima kibodi, akakunja waya wake polepole, akaufunga kwa mpira. Akamwambia Emmah, "Pole mwanangu, nenda ukapumzike," akatoka bila mwavuli.

Nimeandika haya nikiwa bado nina hasira naye. Alimkatisha Emmah tamaa wakati ambapo mtoto alihitaji kusukumwa.

Jumanne, 27 Mei

Emmah amepelekwa kwa daktari wa koo. Nyuzi za sauti zimevimba, na kuna vinundu vidogo vinavyoanza kuota juu yake. Asiseme hata neno kwa wiki moja. Asiimbe kwa wiki tatu na zaidi. Akizidi kulazimisha, vile vinundu vitakomaa, na sauti hiyo haitarudi ilivyokuwa.

"Daktari ameniuliza anaimba kitu gani," Truphosa alisema kwa simu. Sauti yake ilikuwa ya kazini, ile ya wodini. "Mimi mama yake nikakosa jibu. Nikasema, anaimba anachopewa na Mwalimu."

Wiki tatu na zaidi zinatufikisha wiki ile ile ya majaribio.

Jumamosi, 31 Mei

Niliahirisha kikao. Mung'aro akaja hivyo hivyo, amelowa, na bahasha ya plastiki chini ya shati. Alikuwa amechapisha karatasi ya noti ya ile solo ofisini kwao. Sikumkaribisha vizuri. Akaketi mwenyewe.

"Mwalimu, sikuja kugombana. Nataka uniambie kitu kimoja. Ulimpandisha kwa kusudi?"

"Nani?"

"Emmah. Hii nyimbo imeandikwa kwenye ufunguo wa F. Anaiimba juu ya F kwa nusu toni nzima. Ndiyo maana kila mazoezi nabonyeza kupandisha moja."

"Anaiimba kama ilivyo kwenye sahani."

"Ndiyo, na sahani iko juu. Niliisikia siku ile ya kwanza."

"Na kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Nikakuuliza huyu mama anaharakia wapi. Ukaniambia nisubiri umalize."

"Baadaye je? Kanisani?"

Akavua miwani, akaifuta kwa shati lililolowa, ikazidi kuchafuka. "Kanisani nilidhani umeamua mwenyewe. Kwamba labda wataka kuwaonyesha walimu wa chuo jinsi alivyo na sauti ya juu. Wewe umeongoza kwaya tangu mimi navaa kaptula. Nikuulize nini?"

Sikutaka kumwamini. Nikamwambia kuna njia ya kupima. Sahani kubwa huzunguka mara thelathini na tatu na theluthi moja kwa dakika, kwa hiyo dakika tatu lazima zitoe mizunguko mia moja kamili. Nikabandika kipande cha karatasi ukingoni, Mung'aro akashika saa ya simu, mimi nikahesabu kwa sauti. Nikafika mia moja na sita. Nikasema nimekosea. Tukahesabu tena, yeye akihesabu na mimi nikishika saa. Mia moja na sita.

Mwezi wa Machi nilimpelekea fundi mashine abadilishe mshipi, nikamwambia muziki unaburura, aikaze. Chini ya mashine kuna skrubu ndogo ya kuongeza mwendo. Aliikaza kama nilivyotaka. Mwendo ukiongezeka, sauti nayo hupanda: ukizidisha mizunguko sita katika mia, kila kitu kinapanda nusu toni. Jambo hilo nilikuwa nalijua. Nimelieleza mbele ya watu zaidi ya mara moja.

Basi mwimbaji wa sahani hakuwa cheche. Alikuwa mtu wa kawaida anayevutwa na mashine yangu. Na Emmah, asubuhi na jioni, alikuwa akimkimbiza mwanamke asiyekuwapo, kwa kuwa hakuna koo lililoimba vile kwenye sahani ile. Hakuweza kugundua, maana do yake haina anwani, kama nilivyomfundisha. Kanisani hakuweza kugundua, maana kibodi ilimfuata. Na aliyegundua alinyamaza kwa sababu ya heshima.

Mung'aro aliondoka bila kuniambia neno la kunichoma. Ningependa angeniambia.

Jumapili, 1 Juni

Sikwenda kanisani. Sikuandika pendekezo. Nilitoka kwenda kwa Truphosa, nikafika nusu ya njia, nikarudi. Nimejiambia ni kwa sababu ya mvua. Mvua ilikuwa imekatika tangu saa nne.

Jumatatu, 2 Juni

Nimekwenda. Truphosa alikuwa amevaa sare, anajiandaa kwa zamu ya jioni. Emmah alikuwa kwenye kochi. Kwa kuwa haruhusiwi kusema, huandika kwenye simu na kumwonyesha mtu.

Nikawaambia mashine yangu ilikuwa na mwendo uliozidi, na kwamba wimbo aliojifunza Emmah uko juu kuliko ulivyoandikwa. Truphosa hakuelewa mara moja. Alipoelewa aliketi.

"Mimi nimemnyima feni," akasema. "Kwenye joto hili. Nimemnyima maji baridi. Nimegombana na bosi wake kwa sababu ya eesii. Mtoto amelala akitoka jasho, Mwalimu, na kumbe ni mashine yako?"

"Ndiyo, Mama Emmah."

Emmah aliandika, akafuta, akaandika tena. Akanyoosha simu. *Nilikwambia inanibana.*

Nikaanza kusema kwamba siku ile nilidhani ni pumzi, kwa sababu kwa kawaida soprano anapofika pale juu—

"Leo usieleze," Truphosa akasema. "Tafadhali. Leo usieleze kitu."

Nikanyamaza. Truphosa akachukua mkoba wake na kwenda kazini. Emmah hakuniandikia kingine. Nilipoaga aliinua mkono kidogo.

Jumatano, 4 Juni

Fundi amerekebisha mashine. Mia moja. Muziki wote niliouona mchangamfu tangu Machi umekaa chini kama mtu aliyeambiwa apumzike. Ni mzuri zaidi.

Jumamosi, 7 Juni

Nimewaandikia wasikilizaji wenzangu kwamba sifa nilizotoa tangu Aprili zilitolewa kwenye mashine mbovu, na kila aliyenunua sahani aisikilize upya kwa masikio yake mwenyewe. Kisha mmoja akaandika, "Kumbe! Mimi wa kwangu alikuwa anasinzia, nikadhani nimeuziwa feki." Mwingine akaandika kwamba alikuwa ameficha sahani yake kabatini kwa aibu ya kutosikia uchangamfu niliousema.

Walikuwa wanajua wote. Kila mmoja peke yake, nyumbani kwake, alisikia tofauti, na akanitumia kidole gumba.

Jumapili, 15 Juni

Mung'aro hupeleka kibodi yake kwa kina Emmah kila jioni akitoka Shimanzi. Hapandishi, hashushi. Anampigia wimbo ulivyoandikwa, naye Emmah anafuata karatasi kwa kidole, mdomo umefungwa. Nimeuliza kama naweza kwenda. Mung'aro amekohoa.

"Bado, Mwalimu."

Jumamosi, 21 Juni

Daktari amemruhusu kuimba kidogo. Mung'aro amenipigia simu akiwa amesimama nje ya nyumba yao, nilisikia matone.

"Anapita noti. Anajua iko wapi, lakini akifika koo linakumbuka kule juu kwa zamani, linapanda ngazi ambayo haipo. Anaanza upya. Analia kidogo. Anaanza tena."

"Atawahi?"

"Nitakuambiaje? Sauti yenyewe ni nusu."

Alhamisi, 26 Juni

Ujumbe kutoka kwa Emmah, wa kwanza tangu ile siku ya kochi: "Shikamoo Mwalimu. Jumamosi naomba usije."

Nimejibu, "Marahaba. Sitakuja."

Jumamosi, 28 Juni

Sikujua pa kuweka mikono yangu, kwa hiyo nilikwenda Old Town kumsaidia Bi Mwanakuu kufunga makasha ya mwisho. Mbingu imepasuka buluu kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, na vichochoro vilikuwa vinatoa mvuke. Nilikuwa nafuta jalada lile lile kwa muda mrefu mpaka akaniona.

"Wewe leo husemi, Mwalimu. Waumwa?"

"Siumwi, bibi."

"Mimi nimezoea ukishika sahani moja, mimi napika, naepua, napakua, wewe bado uko nayo. Leo kimya. Ni yule mtoto?"

Nilikuwa nimemsimulia kwa simu. Nikaitikia kwa kichwa. Akanipa kahawa chungu na kipande cha halua, hakuuliza zaidi. Akaendelea kufunga kamba.

Simu ililia kabla ya adhuhuri. Mung'aro.

"Ameimba."

"Vipi?"

"Alianza vizuri. Niliona yule mama wa piano ameinua uso. Alipokaribia pale juu nikafumba macho, sikufichi. Akafika, Mwalimu. Akatua pale pale palipoandikwa. Lakini sauti ilikuwa ndogo, kama taa iliyopunguzwa. Hakuilazimisha. Aliiacha ndogo, akamaliza."

"Wakasemaje?"

"Wamemuuliza ameugua lini. Akawaambia ukweli kwamba hakuugua, alijifunza vibaya."

Nikamwambia asante, nikamwambia na lile la kanisani, la kumsingizia sahani mbele ya mtoto, kwamba halikuwa na haki. Akasema alikuwa amelisahau. Hakuwa amelisahau.

Jumatano, 2 Julai

Duka limefungwa. Nafasi imekwenda kwa kijana wa Malindi.

Jumamosi, 5 Julai

Emmah amekuja mwenyewe, akitoka Shimanzi, vumbi la malori kwenye viatu. Sauti yake ya kuzungumza imerudi, ina ukungu kidogo pembeni. Nikamkaribisha, nikaweka chai. Walimu wa chuo wamemwambia sauti anayo, lakini imechoka, na kwamba mwakani anaweza kujaribu tena. Nafasi ya kulipiwa hawakuiahidi.

"Sijui kama nitajaribu," akasema. "Sikuja kukuambia nitajaribu."

Nilikuwa na maneno mengi tayari. Nilikuwa nayo tangu asubuhi. Nikamuuliza, "Palikuuma wapi?"

Akanitazama kama anayehakikisha kwamba nimemaliza. Kisha akaanza. Aliniambia kwamba wiki ya kwanza tu aliamka akiwa na ladha ya damu kooni. Kwamba siku ya mwavuli alikuja kuniambia hivyo, akawa anangoja nimalize habari ya mshumaa, na nilipomaliza akaona aibu, kwa kuwa nilionekana nimefurahi sana. Kwamba alipoomba kupumzika alikuwa ameandika ujumbe mrefu, akaufuta. Kwamba kazini alikuwa anawaandikia madereva wa malori kwenye karatasi, nao wakadhani ni bubu, mmoja akamletea chungwa. Hapo alicheka. Halafu akasema kwamba jambo lililomtisha kuliko daktari ni kuwa hajui tena akisikia kitu kizuri kama ni kizuri kweli.

Chai ilipoa. Sikumkatiza.

Alipokuwa anafunga mkoba akasema, "Mwalimu, usiniletee sahani nyingine kwanza. Usinipendekezee kitu."

"Sawa."

"Sijakasirika kama zamani."

"Sawa, mwanangu."

Jumapili, 6 Julai

Pendekezo la leo, kama nilivyowatumia wenzangu wa Jumamosi:

Ndugu wasikilizaji, makasha manane ya Bi Mwanakuu yako sebuleni kwangu, bei ni ile ile nusu. Ziko fidla, ziko kwaya, iko misa niliyoisifu kwa makosa, na ni nzuri kwa sababu nyingine kabisa. Sitawaambia ipi mnunue. Njooni Jumamosi, wekeni wenyewe, na atakayesikia kasoro aseme papo hapo, hata kama mimi bado nazungumza. Ile sheria yetu nimeiondoa. Ila kabla ya Jumamosi kuna jambo moja la kufanya. Leo, mpigie mtu mmoja uliyewahi kumpendekezea muziki, muulize umemfanya nini, kisha unyamaze mpaka amalize.